Ukoo wa Kuze, Mombasa: karo ya Mwanaidi

JUMATATU

Shangazi Rukia: Asalaam aleikum jamaa zangu. Naandika tena maana ya juzi hakuna alojibu ila Salim aloweka dole gumba akaenda zake. Karo ya Mwanaidi ya chuo huko Marekani imebaki dola 1,850, ni kama laki mbili na arubaini, na Ijumaa ndio mwisho. Isipolipwa hawezi kujiandikisha masomo ya muhula ujao na mwajua viza ya mwanafunzi haitaki mtu akae bure. Nambari ya kutuma ni ile ile yangu. Tafadhalini.

Shangazi Rukia: 1. Rukia 30,000 ✅
2.
3.
Nakili uongeze jina lako. USIFUTE ya wenzio kama wakati wa ile harusi

Salim: Shangazi mimi sikufuta makusudi jamani mpaka lini

Halima: majina kumi na nne yalipotea usiku mmoja 😂😂

Ami Bakari: Waaleikum salaam. Kutoa nitatoa. Lakini nasikia Mwanaidi ameacha baiolojia yuwataka kusoma Africana. Ndio nini hiyo? Hapa tulichanga mtoto akasome udaktari.

Shangazi Rukia: Bakari hilo la pili, la kwanza Ijumaa

Ami Bakari: La pili ndilo la kwanza. Mtoto wa Mombasa avuke bahari akafundishwe Afrika na Mzungu?

Halima: akirudi atatufunza kupika wali wa nazi ami 😂

Salim: Digrii ya mahamri

Halima: na mastazi ya viazi karai 😂😂😂

Shangazi Rukia: Nyinyi wawili maneno chungu nzima na orodha ina jina moja

JUMANNE

Mwanaidi: Asalaam aleikum wote, shikamoo Babu, shikamoo Ami, shikamoo Shangazi, Mama shikamoo. Samahanini nimechelewa, jana nilikuwa kazini maktaba mpaka usiku. Ami somo hili la habari za watu weusi halikuletwa na Wazungu. Wanafunzi weusi na wenzao pale San Francisco State waligoma kuanzia Novemba 1968 mpaka Machi 1969, wakapigwa na polisi wakakamatwa, ndio chuo kikakubali kufungua idara ya somo hili. Cornell, kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa chuoni kwangu Binghamton, wanafunzi walikalia jengo Aprili 1969 na kituo kikaanza mwaka huo huo chini ya James Turner, yeye ndiye alolishikilia hili jina la Africana, hakutaka Afrika isomwe peke yake na weusi wa Marekani peke yao na Karibi nayo peke yake, alisema ni habari moja ya watu walotawanywa.

Mwanaidi: Na nina jengine. Mwaka wa kwanza mwenzangu wa chumbani, Mmarekani mweusi, kwao wanafanya sikukuu ya Kwanzaa kila Disemba, ile alioanzisha Maulana Karenga 1966. Akanitajia nguzo saba kwa Kiswahili, umoja, kujichagulia, ujima, zote kwa moyo, akaniuliza ujima hasa maana yake nini kwetu. Wallahi nilibabaika. Neno la kwetu, mimi wa Kuze, nababaika mbele ya mtu alolihifadhi na bibi yake hajawahi kuiona Afrika. Sikulala siku ile.

Mwanaidi: Halafu muhula uliopita tukasoma Freretown. Hiyo hiyo yetu. Pale Kengeleni napanda matatu tangu niko darasa la nne, najua bei ya mahindi ya kuchoma na kondakta gani ana kelele, sikujua kengele yenyewe ni ya nani. Walianzisha wamishonari 1875 waweke watu walotolewa utumwani, wengine walikuwa wamepelekwa mpaka Nasik kule India ndio wakarudishwa. Nimekwenda kuisoma Marekani Ami. Iliniuma

Ami Bakari: Maneno mazuri. Ukimaliza utaajiriwa wapi?

Mwanaidi: Watu wanaenda sheria, ualimu, makumbusho, afya ya jamii. Mae Jemison alitoka Stanford 1977 na uhandisi wa kemikali na papo hapo akatimiza masomo ya Afrika na Wamarekani weusi, kisha akasoma udaktari, kisha 1992 akaenda angani, mwanamke mweusi wa kwanza. Na baiolojia sijaitupa, naweza kubeba zote mbili ila nitaongeza muhula mmoja

Salim: ANGANI??

Halima: Mwanaidi ukipita juu ya Kuze tuangalilie tangi la Bi Zainabu kama lina mfuniko maana huku chini twabishana mwaka wa tatu huu 😂

Salim: na antena yetu pia

Shangazi Rukia: Muhula mmoja zaidi ni pesa ngapi

Shangazi Rukia: Mwanaidi

Ami Bakari: Si nilisema. Hata Fuad alikuwa na maneno mazuri hivi hivi mpaka tukauza mali ya Kisauni

Ami Bakari: Ujumbe huu umefutwa

Halima: tumeshausoma ami

Mama Mwanaidi: Mimi sina neno. Marehemu babake angekuwapo angejua la kusema.

JUMATANO

Shangazi Rukia: Watu 31 mmesoma, alama za buluu naziona. Orodha bado ni mimi

Salim: Babu nimemsomea yote tangu Jumatatu. Ameniambia niandike kama anavyosema nisipunguze. Ndio haya:

«Bakari. Kisauni niliuza mimi. Hati ilikuwa kwa jina langu, si la Fuad wala si lako. Neno hilo nisilisikie tena maadamu ni hai. Chuo hicho cha Binghamton ndicho alichosomesha Ali Mazrui, yule msomi wetu wa Mombasa. Mimi nilimjua kijana yuko MIOME, chuo cha Waislamu cha hapa Mombasa, mtihani ulimwendea vibaya, Makerere haikumchukua, na baadaye akaingia Makerere hiyo hiyo profesa. Alikufa huko Marekani 2014 tukamzika hapa, Fort Jesus yaonekana. Hakuwa daktari wa sindano. Na hiyo kengele alosema Mwanaidi. Mamake bibi yenu aliisikia utotoni. Alitoka Freretown, akasilimu, akaolewa Kuze. Jina lake la kwanza hatukuambiwa, na sisi hatukuuliza, tuliona haya. Mwanaidi anipigie kesho baada ya isha. Awe na kalamu.»

Halima: Subhanallah

Shangazi Rukia: Baba

Shangazi Rukia: Salim hebu muulize, Mama alijua?

Salim: Amelala shangazi. Amesema asiamshwe

Ami Bakari: Nimesikia Baba.

Ami Bakari: 1. Rukia 30,000 ✅
2. Bakari 25,000 ✅
3.
Hiyo ni ya muhula huu. Ya mwakani na huo muhula wa kuongeza tutakaa tuzungumze

Salim: 3. Salim 5,000 ✅

Halima: 4. Halima 3,000 ✅ nyengine mwisho wa mwezi inshallah

Mwanaidi: Nimesoma mara tatu nalia ndani ya basi. Babu nitapiga. Lakini shangazi baada ya isha huko ni saa saba mchana huku, nina darasa, ndio lile la Kiswahili naloshikia wanafunzi matamshi, siwezi kukosa nalipwa kwa saa

Shangazi Rukia: Babu yako ana miaka 87 atakuambia jina la mtu kesho wewe waniambia matamshi?

Mwanaidi: Saa nane je?

Salim: Saa nane yako Babu yuko usingizini

Abdalla Maskati: Asalaam aleikum nimetoka kazini sasa hivi naona jumbe 60, nani anaumwa?

Halima: panda juu usome 🙏

Fuad: Shangazi nimetuma 40,000. Usiniandike kwenye orodha.

Shangazi Rukia: Imefika mwanangu. Allah akubarik

Shangazi Rukia: Jumla 103,000. Bado laki moja na thelathini na saba. Abdalla nakuona uko hewani

Shangazi Rukia: Abdalla