Mjadala: Guardiola alimtendea haki Joe Hart mwaka 2016?

Wadau wa soka, kila Joe Hart akitajwa, hoja ni ileile: Pep Guardiola, kocha mpya wa Manchester City mwaka huo, alikuwa sahihi kumwondoa klabuni kwa kuwa kipa yule hakuweza kucheza kwa miguu. Mimi sikubali. Naona alionewa, na ninaleta sababu zangu ili anayepinga azijibu.

Hart alitoka Shrewsbury, akaingia City mwaka 2006, kabla fedha za wamiliki kutoka Abu Dhabi hazijafika. Msimu wa 2009/10 alicheza Birmingham kwa mkopo, akarudi na kuchukua namba ya Shay Given. Akabeba Ligi Kuu ya England mara mbili, 2012 na 2014, na tuzo ya Glovu za Dhahabu, ya kipa aliyemaliza mechi nyingi zaidi bila kufungwa, mara nne. Februari 2015 aliokoa penalti ya Messi wa Barcelona pale Etihad, uwanja wa City. Kwenye marudiano Camp Nou, uwanja wa Barcelona, akapangua michomo mfululizo, Barcelona wakaambulia ushindi wa 1-0 katika mechi ambayo wangeweza kufunga matano. Hiyo ndiyo mechi bora ya kipa wa Kiingereza niliyowahi kuiona.

Euro 2016 aliharibu akiwa na England, simtetei. Mpira wa adhabu wa Bale wa Wales ulikuwa wa kudaka, na lile bao la pili la Iceland ni lake. Ila City walimtendaje baada ya hapo? Ligi ilipoanza Agosti dhidi ya Sunderland, golini akasimama Caballero, kipa mwenzake. Hart akapewa marudiano na Steaua Bucharest, wakati City walishashinda 5-0 ugenini. Akavaa kitambaa cha unahodha, mashabiki wakaimba jina lake, kisha akaenda Torino kwa mkopo.

Kocha ana haki ya kuchagua kikosi, hilo halina ubishi. Ninachopinga ni ile pupa. Na aliyeletwa je? Claudio Bravo, mtaalamu wa pasi. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Manchester United, aliuachia mpira wa juu na Ibrahimović akafunga. Oktoba pale Camp Nou akampasia Suárez, akaudaka mpira nje ya eneo lake, kadi nyekundu, City wakapigwa 4-0. Kiangazi kilichofuata akanunuliwa Ederson.

Mchangiaji: Mkuu, Bravo kuvurunda hakumfanyi Hart awe bora. Baada ya Torino, West Ham alipoteza namba kwa Adrián, Burnley kwa Heaton. Southgate, kocha wa England, akamwacha Kombe la Dunia 2018, akawachukua Pickford, Butland na Pope. Makocha wote hao walimwonea? Guardiola aliona mapema tu.

Mleta mada: Hoja yako ina uzito, mkuu, na kweli alishuka. Lakini unachukua yaliyotokea baada ya kufukuzwa na kuyafanya sababu ya kufukuzwa. Kipa anaishi kwa kujiamini. Ukimhamisha timu kila msimu, mabeki wapya mbele yake kila mara, usishangae akianza kusitasita.

Halafu umeiruka Celtic ya Scotland. Mwaka 2021 alisajiliwa na timu ya Ange Postecoglou, kocha anayetaka mpira uanzie kwa kipa, pasi fupi hata mshambuliaji akiwa mita chache. Kazi ileile aliyoambiwa haiwezi! Akaifanya misimu mitatu, akabeba ligi yote mitatu, na mechi yake ya mwisho, Mei 2024, ilikuwa fainali ya Kombe la Scotland waliyoshinda 1-0 dhidi ya Rangers.

Najua utasema ligi ya Scotland ni nyepesi. Nakubali ni nyepesi kuliko ya Uingereza. Lakini mtindo ule aliushika akiwa na miaka 34. Mwaka 2016 alikuwa na 29. Nioneshe ni lini alipewa muda wa kujifunza, akashindwa. Hapo ndipo nataka unijibu.