Chini ya mparachichi nyasi zinakufa, nipande nini kinachotambaa?

Mama Nasra, Tengeru
Wadau habari za leo. Nyuma ya nyumba nina kipande kilichoinama, hatua 10 kwa 6 hivi, chini ya mparachichi mkubwa. Ukoka nimeupanda mara mbili, unanyong'onyea kwa kukosa jua. Masika ikifika udongo unateremka hadi mlango wa jiko, nauzoa kwa koleo kama kibarua. Muuza miche wa barabarani ananisukumia kitu chenye majani ya kung'aa na maua ya njano, anasema mwezi mmoja tu pamefunikwa. Hiyo mwezi mmoja ndiyo inayonitia wasiwasi. Nataka kitu cha kijani mwaka mzima, kisichodai kufyekwa. Kuku ninao watano, wanachakura balaa.

Babu Kitalu, Morogoro
Mama Nasra, kama majani yana meno pembeni na ua linafanana na alizeti ndogo, hiyo ni wedelia. Achana nayo. Imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kwangu niliing'oa nikaitupa jalalani, nikawa nimepanda jalala. Kila kifundo kinachogusa udongo kinatoa mizizi.

Ulizia arachis pintoi, ndugu yake karanga, asili yake Brazili. Majani manne manne, ua dogo la njano. Inavumilia kivuli, ingawa kwenye kivuli kizito maua yanapungua. Mizizi inashika udongo na kuurutubisha kwa naitrojeni kama kunde. Kiangazi kikali itapoteza majani kidogo, mvua ikirudi nayo inarudi.

Ila kwanza ondoa ndago, yale magugu yanayofanana na nyasi! Chimba mpaka utoe vile viazi vyake vyeusi, maana ukishapanda hutaweza tena kupalilia kwa jembe. Kisha kata vipandikizi vya arachis vya sentimita 20 vyenye vifundo vitatu au zaidi, fukia vifundo viwili, nafasi sentimita 25. Panda mvua zinapoanza, mistari ikate mteremko, isishuke nao. Karibu na shina la mparachichi tumia mkono, mizizi yake iko juujuu.

Mzaramo
Babu, hapo hakuna nyoka kweli? Mke wangu akiona kijani kinene karibu na nyumba anahama.

Babu Kitalu, Morogoro
Haizidi sana kimo cha kiganja, na unaweza kuikata. Acha ukanda mtupu wa hatua moja ukutani, weka kokoto. Nyoka hata kwenye rundo la matofali anakaa, mzee.

Dada Chuda, Tanga
Nakubaliana na Babu, ila asikudanganye kwamba ni kazi nyepesi. Miezi minne ya kwanza nilipalilia kwa vidole, goti chini, nikajuta. Kuku zungushia wavu mpaka ishikane, vinginevyo watafukua kipandikizi kimoja kimoja. Na kama una ng'ombe, ujue anaipenda kuliko wewe.

Mama Nasra, Tengeru
Asanteni jamani. Muuza miche nimemwambia abaki na alizeti zake. Leo nimeanza na ndago, kipande cha hatua mbili tu kimejaza nusu ndoo ya lita 20. Dada Chuda, wavu wa kimo gani? Hawa wangu wanaruka.