Mama anameza vidonge vya kisukari: je, anaweza kutumia na unga wa mlonge?

Mkazi wa Newala
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mama yangu ana umri wa miaka 67, anaugua kisukari, na kila siku humeza metformini na glibenklamidi alizoandikiwa kliniki. Hivi karibuni shangazi alimletea unga wa majani ya mlonge, ambao huutia kwenye uji asubuhi na jioni, pamoja na chupa ya maji ya kahawia aliyoinunua gulioni, ambayo muuzaji alidai ni mchanganyiko wa miti saba. Mama anaziamini sana dawa za miti shamba, nami sipendi kumvunjia heshima yeye wala shangazi, lakini juzi alfajiri alitokwa na jasho jingi, akatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, hadi tulipomnywesha chai yenye sukari. Je, dawa hizi zinagongana?

Mzawa wa Kilwa
Usiwe na hofu, dada. Wazee wetu waliishi kwa mizizi na majani, na kitu cha asili hakina kemikali. Apunguze vidonge taratibu, aendelee na mlonge.

Mfamasia, Lindi
Naomba ushauri huo usifuatwe. Mbegu za mnyonyo ni za asili na zina sumu inayoua, na metformini yenyewe chimbuko lake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao *Galega officinalis*. Kwa hiyo mpaka kati ya jani na kidonge si mpana kama tunavyodhani.

Dada, uliyoyaeleza ni dalili za sukari kushuka. Glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini (homoni inayoshusha sukari) hata kama mgonjwa hajala, jambo ambalo kwa wazee ni la kuangaliwa sana, na mlonge nao unaweza kuteremsha sukari. Hali hiyo ikirudi, au kipimo kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, mpeni vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akizimia au akishindwa kumeza, msimtie kitu chochote mdomoni; mkimbizeni hospitali. Msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni leo, na aeleze kila anachokunywa, kwa sababu wagonjwa wengi hutuficha dawa za miti shamba wakiogopa kugombezwa (na kwa kweli wapo wenzetu wanaogombeza).

Mganga wa Mikindani
Mfamasia amesema kweli. Nami kwa upande wetu naongeza kwamba mganga anayeijua kazi yake hatoi dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa anakula nini, analala vipi, ana dukuduku gani nyumbani na anameza vidonge gani. Huyo muuzaji wa gulioni hata sura ya mama yako haijui. Miti saba isiyo na majina imwagwe.

Mlonge ni habari nyingine. Majani yake ni mboga, lakini mizizi na magome yake ni makali, na mjamzito asiyaguse kabisa. Mwageni unga huo kwenye sahani nyeupe muutazame: majani matupu yaliyokaushwa kivulini hubaki ya kijani, ila mkiona nyuzi za kahawia au mkisikia harufu ya ukungu, utupeni. Ulizeni pia mti ulisimama wapi, maana msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ukifika, upepo hauchagui jani la kuangukia.

Siku nyingine mkihitaji mganga, mwombeni awaoneshe cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Aliye halali hatachukia.

Mkazi wa Newala
Shikamoo mzee, na ahsante mfamasia. Tumetoka hospitali. Daktari amesimamisha glibenklamidi, amebakiza metformini, na ameagiza unga wa mlonge usitumike hadi wiki mbili zipite. Chupa imemwagwa, shangazi alinuna, akanyamaza. Mama anauliza kama anaruhusiwa kula mlonge uliopikwa kwa nazi.

Mfamasia, Lindi
Muda huo ukipita, na daktari akiridhia, kiasi cha mboga ya kawaida hakina neno. Mpimeni sukari asubuhi kabla hajala, muandike kila kipimo kwenye daftari, na siku atakayokula mlonge muiwekee alama.