Hawabusiani hata mara moja: kamera inafanya nini katika In the Mood for Love?

Mleta mada: Mwanamtoni

Wanajamvi, heshima kwenu. Juzi niliitazama kwa mara ya tatu In the Mood for Love, filamu ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Wong Kar-wai, na nimebaki na mshangao uleule. Bwana Chow na jirani yake Bi Chan, ambao wameigizwa na Tony Leung na Maggie Cheung, wanagundua kwamba mke wa huyu na mume wa yule wana mapenzi ya siri. Wao wenyewe wanaanza kupendana, lakini filamu inakwisha bila busu hata moja baina yao. Hata hivyo sijapata kuona filamu yenye ashiki kuliko hii. Nilimwonyesha mdogo wangu, akalalamika kwamba hakuna kinachotokea, nami nilishindwa kumjibu kwa sababu karibu kila ninachokipenda kimo katika picha, wala si katika kisa. Naomba wenye jicho la kamera wanifafanulie.

Mpigapicha wa Harusi

Ndugu mleta mada, angalia kwanza kamera imesimama wapi. Mara nyingi haimo chumbani pamoja na wahusika, bali imebaki koridoni, nyuma ya mlango, au inawatazama kupitia kioo huku sehemu kubwa ya picha ikiwa imezibwa na ukuta wenye giza. Tunawaona kama anavyowaona mpangaji wa chumba cha pili ambaye hakukusudia kuchungulia, na sisi tuliokulia katika nyumba za kupanga tunayajua vizuri macho ya namna hiyo. Kisa kinaanzia Hong Kong mwaka 1962, miongoni mwa Washanghai waliohamia huko na kuishi kwa kubanana, na ni majirani hao wanaowafanya wawili hawa waogope hata kuonekana wakila pamoja. Kwa hiyo fremu inapobana, ile hofu yao tunaiona kwa macho. Wenzi wao wasaliti hatuonyeshwi nyuso zao kabisa. Tunasikia sauti na kuona migongo.

Halafu kuna zile ngazi za kwenda kununua tambi. Kamera ikipiga fremu (yaani picha mojamoja za filamu) nyingi kuliko zile 24 za kawaida kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa kwa kasi ya kawaida, mwili huonekana kama unaelea. Wengi wetu huutumia mtindo huo ovyo (nakiri kwamba bibi harusi akishuka garini, hata mimi sijizuii). Katika filamu hii, watu wawili wanapishana tu, bega likikaribia bega, huku fidla ya Shigeru Umebayashi ikienda kwa mapigo matatu, na tukio ambalo lingepita kufumba na kufumbua linarefuka mpaka mtazamaji anaanza kusubiri waguswe na kitu, angalau upepo. Inashangaza kwamba muziki huo ulikuwa umetungwa kwa ajili ya filamu nyingine kabla ya hii.

Bi Cherehani

Kaka yangu hapo juu ameyasema vizuri, ila ameziruka nguo. Bi Chan huvaa cheongsam, yaani magauni ya Kichina, zilizombana sawasawa, zenye kola ndefu inayomlazimu kuinua shingo, hivyo hawezi kuinama wala kujilegeza hata akiwa peke yake. Mimi ni fundi, na najua kwamba nguo ya namna hiyo haimruhusu mvaaji kusahau mwili wake. Aidha, nguo ndizo kalenda ya filamu: mahali ni palepale na taa ni ileile, lakini maua ya kitambaa yamebadilika, nasi tunaelewa kwamba siku imepita bila mtu kutuambia. William Chang ndiye aliyesanifu mavazi na mandhari, na ndiye pia aliyehariri filamu. Gauni, karatasi ya ukutani na mahali pa kukata picha vimetoka katika mkono mmoja.

Mzee wa Reli

Nakubaliana nanyi, lakini si kwa yote. Zipo dakika ambazo ninajihisi nimeingia duka la vitambaa, na uzuri unazidi maumivu. Kinachoniokoa ni utulivu wa kamera. Wapigapicha walikuwa wawili, Christopher Doyle na baadaye Mark Lee Ping-bing, nami sijawahi kuona mshono kati ya kazi ya huyu na ya yule. Tamasha la filamu la Cannes liliwapa wote wawili, pamoja na Chang, tuzo ya ufundi mwaka uleule wa 2000, siku ambazo Leung naye alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume.

Jambo moja la kuangalia, mleta mada: umetazama toleo lipi? Lile lililosafishwa upya kwa 4K (picha zenye ukali wa juu sana), ambalo mwongozaji mwenyewe alilisimamia, limeelemea kijani, na wekundu wa mapazia ya koridoni mwa hoteli hauchomi kama zamani. Ni haki yake, lakini mimi nimeitunza DVD yangu ya zamani.

Mleta mada: Mwanamtoni

Nawashukuru nyote. Mzee wangu, kumbe nimekuwa nikitazama lile la kijani. Jana usiku nilizima sauti na kufuata mikono tu. Ndani ya teksi Bwana Chow anaushika mkono wa Bi Chan, naye Bi Chan anauondoa. Baadaye wamo tena ndani ya teksi, na safari hii hauondoi. Mdogo wangu alikuwa ameketi kando yangu, na hakulalamika.