YULE WA DIRISHA LA MIKOPO LEO KANIITA "YATIMA WA KAMERA TATU"

Kidato cha Saba:
Wakuu, leo sisalimii mtu. Ndo natoka pale, naandika nimekaa kwenye ngazi za jengo la utawala, mkono unatetemeka. Modi tafadhali usiunganishe huu uzi na ule wa mikopo wa mwaka juzi, huu unajitegemea.

Simtaji. Mnamjua. Afisa mikopo wa chuo chetu, dirisha la mwisho, chupa ya chai ya maua, miwani haijawahi kufika machoni, inaishia puani. Ukimpa shikamoo anaitikia kwa kugeuza karatasi.

Niko mwaka wa pili. Wenzangu wamesaini bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, tangu wiki iliyopita, elfu kumi kwa siku mara siku 60, laki sita hiyo. Watu wamenyoa, wamevuta sabufa, ghorofani kwetu hakulaliki. Mimi jina halimo. Kupiga simu Bodi ya Mikopo, naambiwa chuo hakijatuma matokeo yangu ya mwaka wa kwanza. Anayetuma nani? Yeye!

Basi nikadamka, saa kumi na mbili niko kwenye foleni, mbele yangu watu kama mia tisa. Bodi yenyewe imeanza kazi 2005, ila kuna jamaa pale mbele naamini alikuwepo kwenye foleni kabla. Saa saba mchana ndo nafika dirishani. Nafungua SIPA, akaunti yangu ya mkopo ya mtandaoni, kwenye simu nimwonyeshe: mkopo huu hapa, matokeo hakuna. Mzee kioo hata hakukitazama. Kaigeuza simu, kaangalia MGONGO! Halafu kwa sauti ya mnada: "Hee, fomu inasema baba marehemu. Yatima wa kamera tatu huyu!"

Foleni nzima ikacheka. Mpaka mlinzi.

Kamera tatu, wakuu. Simu nimenunua mkononi elfu themanini, kioo kina ufa kuanzia sikioni hadi kwenye chaji, na kamera mbili ni urembo tu, hazijawahi kupiga hata ukuta. Iliyo hai ni moja, na ukipiga nayo kila mtu anatoka kama yuko jikoni kwenye kuni.

Cheti cha kuzaliwa nimehakiki RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Cheti cha kifo cha baba nimehakiki RITA. 30,000 ya maombi nimelipa, mwenyekiti wa mtaa kagonga mhuri, wakili kagonga mhuri, nimeskani, nimepakia. Serikali nzima imekubali baba yangu hayupo. Yeye anakataa kwa sababu ya kamera!

Na yule dada wa uhasibu alikuwa nyuma yangu, watu watatu tu. Muhula mzima najipanga kumsalimia. Sasa ananijua kwa kamera.

Nikauliza, mzee, na matokeo? "Njoo Alhamisi." Alhamisi ipi, hakusema.

Bumu Halijakata:
Pole mkuu. Huyo mwaka jana alimwambia rumeti wangu "umenawiri hivyo, mkopo unaufanyia nini?" Jamaa alikuwa amevimba jino.

Mzee wa Kuchungulia:
Hii chai. Tena ya rangi, tangawizi hamna. Weka picha ya simu.

Kidato cha Saba:
Niipigie picha na nini sasa?

Mzee wa Kuchungulia:
Si una tatu 😂😂

Bi Kiroboto:
Nimefika hapa kwa sababu ya dada wa uhasibu. Aliendelea kucheka au alinyamaza? Jibu hilo kwanza.

Mdaiwa Sugu:
Nyie mnalilia kupata, subirini kulipa. Nilisaini mkataba enzi za asilimia 8, mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, leo nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kila mwezi, hata wenye msiba. Afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa 2021, maana deni lilikuwa linazaa kama sungura. Mwambie huyo wa dirishani asiyatume hayo matokeo yako, anakuokoa.

Bumu Halijakata:
Mkuu ulikula nyama choma na mkopo, lipa taratibu.

Mdaiwa Sugu:
Niliezeka nyumba ya mama. Chunga mdomo wako.

Mwana wa Soko:
Nyinyi mna raha. Huku Kenya mfumo wa kufadhili wanafunzi wa vyuo ulioanza 2023 ulitupanga makundi matano kulingana na mapato ya nyumbani. Mamangu anauza sukuma wiki kwa meza, mimi nikatupwa kundi la tano na watoto wa wenye magari. Nikasema labda hizo sukuma zina dhahabu ndani sijaambiwa.

Mzee wa Kuchungulia:
Mamako ana kamera ngapi?

Geto Namba Nne:
Mimi shida yangu ni mwenye nyumba. Anajua tarehe ya bumu kuliko bodi. Hela ikiingia saa nne, saa nne na dakika tano anagonga, eti "nilikuwa napita". Anapita wapi na ndala za kuogea?

Kidato cha Saba:
Wakuu turudi kwenye mada. Alhamisi ni keshokutwa. Nikienda niseme nini?

Bi Kiroboto:
Funika mgongo wa simu kwa plasta, nenda. @Geto Namba Nne hapo kwenu kuna chumba?

Geto Namba Nne:
Kipo kimoja, elfu hamsini, luku ya kuchangia, choo cha nje.

Bumu Halijakata:
Hamsini kwa choo cha nje?! Kwetu elfu arobaini na maji yanatoka Jumanne na Ijumaa.

Mdaiwa Sugu:
Jumanne hayatoki. Mimi ndo mpangaji wa chumba cha mbele hapo, acha uongo.