Tupeane uzoefu: wakati wa korona, bei ilipanda au mfuko ndio uliisha?

DukaLaManyatta
Wadau, jana nilikuwa nahamisha rafu za duka langu hapa Manyatta, Kisumu, nikapata daftari la deni la 2020 nyuma ya magunia. Nilikaa juu ya kreti ya soda nikalisoma lote.

Kuna mama mmoja, simtaji, mumewe alikuwa fundi wa mjengo. Januari ameandikiwa: unga pakiti mbili, sukari kilo, mafuta lita. Mwisho wa Machi: unga pakiti moja, sukari nusu, mafuta ya shilingi 50. Mei: unga kilo moja, sukari ya 20, mafuta ya 20. Julai hakuna unga kabisa. Kuna sukari ya 10 na kiberiti.

Sasa angalieni bei niliyoandika kando. Unga wa Januari na unga wa Mei tofauti yake ni ndogo mno. Kilichopungua ni kipimo. Kila mtu husema korona ilipandisha bei, lakini daftari langu linasema kazi ya yule fundi ndiyo iliyopotea, na bei ile ile ikawa mlima. Nimeshindwa kulitupa. Nyinyi mlikuwa wapi na mlikula nini?

StejiYaKondele
Mafuta ya 20. Yanamiminwa kwenye kikombe na mtoto anakishika kwa mikono miwili asimwage. Nimekumbuka.

MwalimuLurambi
Mimi nilikuwa nafundisha shule ya kibinafsi Kakamega. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na mshahara wangu ukafungwa siku hiyo hiyo. Hatukupewa barua. Tuliambiwa kwa simu kwamba karo haijaingia, kwa hiyo hakuna cha kulipana.

Wenzangu walioajiriwa na serikali kupitia TSC waliendelea kupata mshahara, na sina kinyongo nao. Lakini tuliosoma chuo kimoja, tukaishi ploti moja, mmoja akawa ananunua nyama Ijumaa na mwingine anamfulia nguo ili apate ya unga. Nilimfulia rafiki yangu nguo. Yeye hakuniomba, mimi ndiye niliyebisha mlango.

Baadaye nikaanza kuchemsha mahindi na kuuza barabarani. Wanafunzi wangu walikuwa wakipita. Wengine walikuwa wakinunua, wengine walikuwa wakijificha ili nisione haya. Darasa la nane, gredi ya nne na kidato cha nne walirudi 12 Oktoba, na mimi nikaitwa kwa nusu mshahara. Madarasa mengine yote yalingoja hadi Januari 2021.

MzaziWaMbale
Mwalimu pole, lakini usitulaumu wazazi. Ningelipaje karo ya mtoto aliyelala nyumbani, na mimi mwenyewe kibanda changu cha nguo kimefungwa?

MwalimuLurambi
Sijamlaumu mzazi hata mmoja, dadangu. Soma tena.

MzaziWaMbale
Nimesoma. Samahani. Hilo neno karo bado linanichoma.

WaKaragita
Naivasha hapa, shamba la maua. Watu hawajui ua linavyoweza kukulisha na kukuua njaa. Machi ile Ulaya ilifunga, ndege zikapungua, mnada wa Uholanzi ukaporomoka. Tulikata waridi kama kawaida asubuhi, mchana tukaambiwa tuyamwage. Waridi zuri, limefungwa vizuri, linaenda shimo la mbolea. Wiki iliyofuata tulikuwa likizo bila malipo. Mtaa wote wa Karagita unategemea mashamba hayo, kwa hiyo hata mama mboga hakuwa na wa kumuuzia. Nyanya zilishuka bei hadi zikaoza, na bado hatukuweza kuzinunua. Kwa hiyo DukaLaManyatta amesema kweli.

HesabuZaMtaa
Dukani mnajitetea tu. Serikali ilipunguza VAT, ile kodi ya bidhaa, kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia 1 Aprili 2020. Ni duka gani lilishusha bei? Mlikula hiyo tofauti wote.

DukaLaManyatta
Ndugu yangu, tuhesabu pamoja. Unga wa mahindi haukuwa na VAT tangu mwanzo. Mboga hazina. Kwa hiyo chakula cha maskini hakikuguswa. Tuje kwenye sabuni: kitu kilichouzwa 116 kilipaswa kushuka hadi 114. Shilingi mbili. Mimi sarafu ya shilingi mbili ningeitoa wapi? Tena stoo ya jumla niliponunua haikushusha hata hizo mbili.

HesabuZaMtaa
Na ilipopandishwa tena Januari 2021 mliiongeza siku hiyo hiyo.

DukaLaManyatta
Hapo sina jibu. Ilipanda kutoka jumla, nami nikapandisha.

StejiYaKondele
Na sanitaiza mwaiongeleaje? Chupa ndogo niliinunua 250 Machi ile. Malimao matano shilingi mia. Tangawizi nayo ikawa dhahabu.

DukaLaManyatta
Sanitaiza sikuuza. Nilikataa kwa sababu bei niliyopewa ilinitia aibu.

NimerudiBahati
Sijawahi kuandika jambo hili popote. Hilo daftari limenisukuma.

Nilikuwa mhudumu wa hoteli Nairobi. Machi 2020 meneja alituita jikoni akasema twende likizo bila malipo mpaka hali itulie. Mshahara wa mwezi huo tulipewa nusu. Tarehe 6 Aprili Rais akatangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi, kuanzia saa moja jioni ile ile. Nilikuwa naosha sufuria nikisikiliza redio, nikaacha maji yakimwagika.

Wiki ya tatu ya Aprili nilikuwa na 1,150 kwenye simu. Kodi 4,500. Nikaamua kurudi kwa wazazi, Bahati, Nakuru. Kizuizi cha polisi kilikuwa Rironi, njia ya Nakuru. Tulikuwa watu sita, hatujuani. Tulishuka kabla ya hapo tukakata mashambani gizani, kafyu imeshaanza. Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga, akatembea akimnyonyesha njia nzima ili asilie. Mpaka leo nikiona mama ananyonyesha kwenye matatu namkumbuka yeye, na sijui aliishia wapi. Mbele tulipata lori linalorudi na kreti tupu za nyanya. Dereva alitaka 500 kila mtu. Karibu nusu ya pesa zangu zote duniani.

Nilifika alfajiri. Baba alisimama mlangoni na barakoa ya kitambaa, hakufungua. Aliniambia, "Nyanyako amelala humu ndani, mwanangu." Akanionyesha stoo ya mahindi. Mama alikuwa akiweka sahani juu ya jiwe, anarudi nyuma, ndipo mimi natoka kuichukua. Siku ya nne jirani akampigia chifu. Gari likaja, watu wamevaa meupe mwili mzima, kijiji kizima kando ya ua kinatazama. Nikawekwa karantini kwenye bweni la taasisi moja, siku 14. Nilipimwa, sikuwa na ugonjwa.

Siku ya kutoka nikapewa bili. 2,000 kwa siku. Jumla 28,000. Mimi mshahara wangu hotelini ulikuwa 16,000, na sikuwa nao tena. Wenzangu wawili walibaki ndani kwa kukosa pesa. Baba aliuza ndama. Soko la mifugo lilikuwa limefungwa, kwa hiyo alimuuza kwa jirani kwa 13,000, na pesa zingine chama cha mama kikakopesha. Haikupita muda serikali ikatangaza itagharamia karantini yenyewe. Ndama alikuwa ameshaenda.

Hoteli haikuniita tena. Siku zangu za Machi sijalipwa hadi leo.

WaKaragita
Pole sana kaka. Pole.

AfyaKwanza
Pole, lakini tuseme ukweli. Ulivunja amri ukiwa umetoka eneo lenye maambukizi, ukamfuata nyanyako. Ungemuua. Huyo jirani aliyepiga simu alifanya sawa.

NimerudiBahati
Ndiyo maana nililala stoo.

StejiYaKondele
AfyaKwanza, wewe ulikuwa na mshahara miezi hiyo?

AfyaKwanza
Nilikuwa nao, nilikuwa muuguzi. Nilizika wenzangu pia. Sijaandika kwa kiburi.

MwalimuLurambi
Nyote wawili mna haki. Tafadhali tusigombane juu ya nyanya wa mtu. NimerudiBahati, nyanya yuko?

NimerudiBahati
Yuko. Mwaka huu amepanda maharagwe mwenyewe.

MitumbaKibuye
Wacha nirudishe mada sokoni. Mwisho wa Machi 2020 serikali ilizuia mitumba kuingia nchini, na ilibaki hivyo hadi Agosti. Robota, yaani furushi kubwa la mitumba, lililokuwa stoo likawa na bei ya kutisha. Mimi nauza nguo za watoto hapa soko la Kibuye, Kisumu. Zamani nilikuwa nikifungua robota, kamera (zile nguo bora) natoa asubuhi, fagia (mabaki) natupa jioni kwa 20 kila moja. Miezi ile fagia ndiyo ikawa kamera. Niliuza suruali iliyotoboka goti kwa 150 na mteja akashukuru. Kwa nguo bei ilipanda kweli, DukaLaManyatta, daftari lako haliwezi kusemea kila kitu.

DukaLaManyatta
Nakubali. Nimeona unga tu.

ChapatiZaJioni
Na nauli! Matatu ya watu 14 ikabeba 8, nauli ikaruka. Kakamega hadi Kisumu nililipa 300. Mimi nilikuwa nauza chapati na maharagwe Kondele kuanzia saa kumi na mbili jioni, watu wakitoka kazini. Kafyu ya kwanza ilianza saa moja. Nilibaki na saa moja ya biashara kwa siku. Nikahamia asubuhi, lakini asubuhi mtu hana hela, analipwa jioni.

Na kabla hatujapumua, tukasherehekea Madaraka hapa Kisumu 1 Juni 2021, halafu katikati ya mwezi kaunti 13 za upande wetu wa ziwa na magharibi mwa nchi zikarudishiwa kafyu ya saa moja hadi mwisho wa Julai.

KijanaWaKaptembwo
Nakuru tulifungwa kabisa 26 Machi 2021 pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos. Nyinyi mlikuwa na kafyu tu. Msituambie.

ChapatiZaJioni
Nani anashindana? Wewe ulikuwa unauza chapati usiku?

KijanaWaKaptembwo
Nilikuwa makanga wa matatu. Gari halitoki nje ya kaunti hizo tano, makanga anakula nini? Mwaka wa kwanza angalau nilipata Kazi Mtaani, ule mradi wa serikali wa vibarua vya vijana, kufagia mitaro. Awamu ya kwanza ilikuwa 653 kwa siku, ya pili ikashuka hadi 455, na tulikuwa tukipishana zamu. Pesa zilichelewa. Lakini zilipoingia, mtaa mzima ulijua, maana duka lilijaa.

TakwimuTu
Kwa wanaotaka picha kubwa: KNBS, shirika la takwimu la serikali, walisema watu milioni 1.7 walipoteza kazi miezi mitatu hadi Juni 2020. Ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.4, kutoka 5.2 robo ya kwanza.

HesabuZaMtaa
Uongo. Ripoti ya uchumi ya 2021 ilisema kazi 738,000 ndizo zilizopotea.

TakwimuTu
Zote mbili ni zao, kaka. Ya kwanza ilipimwa wakati kila kitu kimefungwa. Ya pili ni hesabu ya mwaka mzima, na kufikia Desemba wengine walikuwa wamerudi. Mwalimu hapo juu amerudi Oktoba kwa nusu mshahara, naye anahesabiwa ana kazi.

MwalimuLurambi
Ndiyo. Nilihesabiwa mzima.

StejiYaKondele
Ushauri kwa vijana, ikitokea tena: msikope kwa simu. Niliandamwa na programu tatu, wakampigia hadi shemeji yangu.

MitumbaKibuye
Mimi mkopo wa simu ndio uliolisha watoto wangu Juni. Mtu akope, ila alipe mkopo mdogo kwanza.

WaKaragita
Pandeni sukuma kwenye magunia. Hata mlangoni.

KijanaWaKaptembwo
Ploti yetu ina nyumba 24 na mfereji mmoja wa maji. Gunia nilimwagilie nini?

AfyaKwanza
Jueni jirani. Hilo ndilo ninalowaambia.

NimerudiBahati
Jirani namjua. Ndiye aliyenunua ndama.

MzaziWaMbale
Yule yule aliyempigia chifu?

NimerudiBahati
Yule yule. Alilipa pesa taslimu asubuhi ile ile, akamsindikiza baba hadi karantini kunichukua.

ChapatiZaJioni
DukaLaManyatta, yule mama wa fundi, deni alilipa?

DukaLaManyatta
Ukurasa wake haujapigwa mstari. 3,870. Walihamia mashambani Agosti ile. Kuna mtu aliniambia wako upande wa Siaya na fundi amepata kazi. Namba yake ninayo, lakini sitapiga kudai. Nitapiga kumsalimia.