Diski ya nje imechomekwa chaja ya volti 19 badala ya 12, ina rekodi za wazee. Naomba msaada

Mpenda Zeze (Chamwino)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaovijua vifaa hivi, hasa mlioko Dodoma mjini. Hata kama fundi yuko Singida, nitamfuata.

Nina diski ya nje, ile kubwa ya inchi 3.5 inayotumia adapta ya ukutani ya volti 12. Humo mna sauti nilizorekodi Chamwino, Bahi na Mvumi: wazee wakipiga zeze na marimba, akina mama na ngoma ya muheme, na mazungumzo marefu ya Kigogo kuhusu nyimbo zinaimbwa lini na kwa sababu gani. Baadhi ya wazee hao wameshatangulia mbele za haki. Kuwarekodi upya haiwezekani.

Juzi umeme ulikatika. Uliporudi, kijana anayenisaidia kazi akachomeka chaja ya laptopu kwenye diski, maana kichwa chake kinaingia vilevile. Chaja hiyo ni ya volti 19. Kukasikika mlio mdogo, ikatoka harufu ya kuungua, taa ikazimika. Sasa hata kwa adapta yake haizunguki wala haitetemeki ukiishika. Fundi mmoja kaniambia imekufa, ninunue nyingine. Mwingine anataka kuifungua aone sahani za ndani. Nimekataa kwanza. Nifanye nini?

Kondoa Asilia

Pole sana mkuu. Tafuta diski nyingine ya aina hiyohiyo, hamisha ile bodi ya umeme iliyo chini yake, itawaka. Zamani tulikuwa tunafanya hivyo na watu wanapata mafaili yao.

Fundi wa Makole

Pole ndugu yangu, na umefanya vizuri sana kukataa isifunguliwe. Ndani ya diski vichwa vinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Kwa vumbi letu hili la kiangazi, kuifungua mezani ni kuiua kweli. Umeme uliozidi hauchomi sauti zilizoandikwa kwenye sahani, zile ni sumaku. Kinachoungua kwanza ni vitu vya kwenye bodi.

Anza hivi. Chomoa kila kitu, itoe diski kwenye kasha la plastiki. Kasha lina kibodi chake kidogo cha USB, na huenda kimeungua hicho peke yake. Usikimbilie kuichomeka kwenye kompyuta, pima kwanza. Fungua skrubu za nyota zilizoshika bodi ya diski, igeuze. Karibu na mdomo wa umeme utaona dayodi mbili nyeusi za ulinzi, kwa kawaida moja ya njia ya volti 5 na nyingine ya volti 12. Watengenezaji wanaziita TVS. Volti zikizidi, dayodi hiyo inajitoa mhanga: inapiga shoti ili umeme uishie kwake usifike mbele. Ikishapiga shoti inabaki hivyo, ndiyo maana hata ukirudisha adapta sahihi diski inakaa kimya kama jiwe.

Chukua mita, weka kwenye omu, pima dayodi kila moja, kisha geuza nyaya upime tena. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imekwisha. Inatolewa kwa kuyeyusha risasi iliyoishika kwenye bodi, na diski inaweza kuwaka bila hiyo dayodi, ila itakuwa haina mlinzi. Kwa hiyo adapta iwe ya uhakika, na kazi ya kwanza iwe kunakili.

Kaka wa Kondoa, kwa diski za zamani ulilosema lilikuwa sawa. Za siku hizi zina chipu ya romu yenye vipimo vya diski hiyo moja tu, vilivyowekwa kiwandani. Ukiweka bodi ya mwenzake bila kuhamisha romu, mara nyingi itazunguka na kugonga bila kusoma kitu. Bodi ni ya mwisho, namba zake zilingane, na romu ihamishwe na mtu mwenye mkono mtulivu.

Dada wa Ipagala

Naongezea. Kama ni My Book, diski ya nje ya kampuni ya WD, nyingi zinafumba data kwa siri kupitia kibodi cha kwenye kasha, isisomeke bila hicho. Ukiichomeka diski peke yake, kompyuta itasema ni tupu na itakuomba uifomati. Usikubali! Tunza hicho kibodi hata kama kimeungua. Na mtu akikwambia uiweke kwenye friza, mwambie asante uondoke. Unyevu utaganda ndani, na tatizo lako ni la umeme.

Mpenda Zeze (Chamwino)

Mungu awabariki. Siyo My Book. Nimempata fundi wa simu mwenye mita na blowa ya hewa moto ya kuyeyushia risasi, tumepima pamoja. Ya volti 5 ni nzima: upande mmoja inasoma, ukigeuza haisomi. Ya volti 12 inasoma sifuri kote. Kibodi cha kasha kina alama nyeusi kabisa ya kuungua. Tuitoe?

Fundi wa Makole

Itoeni hiyo moja tu, ile ya volti 5 msiiguse. Mkishaitoa, pimeni kati ya njia ya volti 12 na ardhi (upande hasi wa umeme): isiwe na shoti tena. Kama bado ipo, huenda chipu ya mota imeungua, simameni hapo tuongee kuhusu bodi. Kama imeondoka, mrudishe bodi, muunganishe kwenye kompyuta ya mezani kwa nyaya zake za SATA, zile za kuunganishia diski za ndani. Sikiliza. Ikizunguka laini, endelea. Ikigonga tik tik, zima papo hapo: hapo vichwa au chipu ya ndani vina shida, na hiyo ni kazi ya maabara yenye hewa safi.

Mpenda Zeze (Chamwino)

Wakuu, inazunguka! Shoti imeondoka, haigongi, na mafolda yote yanaonekana. Nimeanza kunakili kwenye diski mpya, nimeanza na ya Mvumi kwa sababu ndiyo yenye wazee wengi waliofariki.

Fundi wa Makole

Hongera sana. Umepanga vizuri, kisichopatikana tena kitangulie. Faili likikwama usiling'ang'anie, pita, utalirudia mwisho kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, kwenye Linux. Ukimaliza usitazame ukubwa wa faili tu. Fungua kadhaa, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Halafu tengeneza nakala ya pili ikakae nyumba nyingine. Dayodi mpya ukitaka kuirudishia, ulizia SMBJ12A, lakini hiyo isubiri kunakili kuishe.

Dada wa Ipagala

Na zile adapta zibandike karatasi yenye volti zake kwa maandishi makubwa, leo hii.